Pembe ya Hallbjörn

Hesabu ya kwanza ilimpa Steinvör ubunge kwa tofauti ya kura nne. Wahesabu kura wakaenda kula, wakaacha mlango wa chumba wazi, wakarudi wakahesabu upya, na mshindi akawa Hallbjörn, kwa kura mbili. Steinvör alikwenda mahakamani masikio yakimwaka kwa hasira. Jaji Eyvindur alimsikiliza vizuri, akampa hata kahawa, kisha akamwambia katiba imeliachia bunge lenyewe kuamua nani amechaguliwa. Mahakama haikuwa na la kusema.

Basi bunge jipya la Iceland likakutana Reykjavík, mji mkuu, likapiga kura: thelathini na wawili kwa thelathini na mmoja, Hallbjörn abaki. Na mmoja wa wale thelathini na wawili, bila haya hata chembe, alikuwa Hallbjörn mwenyewe.

Jumamosi Steinvör aliwahi bwawa la mji kabla halijafunguliwa. Hallbjörn alipokuja akitembea juu ya theluji na kaptura yake ya kuogelea, alimkuta ndani ya beseni kubwa la maji moto lililo kando ya bwawa, la kukaa watu kadhaa, kwenye pembe yenye bomba la kukanda mgongo. Pamoja naye walikuwamo Gróa, mwalimu mstaafu, na jaji, maji yakimfika kidevuni.

"Steinvör, hapo ni pangu. Mwaka wa kumi na nane huu!"

"Kumbe? Nani kasema?"

"Mji mzima unajua!"

"Basi wenye beseni waamue. Si ndivyo mnavyofanya kule kwenu? Wanaosema nikae, mikono juu."

Gróa akanyoosha mkono. Steinvör naye akanyoosha wake.

"We! Huwezi kujipigia kura!"

Gróa alicheka mpaka akameza maji. "Hallbjörn, na hilo unalisema wewe?"

"Mbili kwa moja," Steinvör akasema. "Na wewe tumekuhesabu, ingawa bado uko nje."

Hallbjörn, meno yakigongana, akamgeukia jaji. "Eyvindur, sema kitu! Hii ni haki kweli?"

Jaji akafumbua jicho moja. "Pole sana. Hapa sina mamlaka." Akalifumba.

Ubunge ulikuwa umekwenda, na ulimuuma Steinvör kuliko alivyotaka waone. Akaegemeza mgongo kwenye bomba, akamwonyesha Hallbjörn nafasi iliyobaki kando ya ngazi, pale watoto wanapokojoa.

"Karibu, mheshimiwa. Hicho nacho ni kiti."