Nati Tano na Jeki

Kengele ya kwanza ya kanisa ililia Fundi akiwa bado anasugua grisi kwenye kucha kwa mswaki mkuukuu. Gauni la zambarau lilikuwa limepigwa pasi tangu Alhamisi, viatu vinang'aa, lakini kucha zilikataa katakata.

"Basi kaeni hivyo hivyo," aliziambia. "Mungu mwenyewe anawajua."

Hakuwa na muda wa kugombana nazo. Leo bintiye alikuwa anapata kipaimara! Mtaa mzima ulimwita Mkia, kwa jinsi alivyomfuata mama yake tangu alipojua kutambaa. Tatizo lilikuwa moja tu: kila mtoto alitakiwa kuikariri Kanuni ya Imani mbele ya kanisa zima, bila kitabu. Ukishindwa, ngoja mwakani. Na mwalimu alishaonya kwamba mzazi akimtajia mwanawe hata neno moja, mtoto huyo ataketi. Wiki nzima Mkia alikuwa akianza vizuri pale mezani, halafu kipande cha tatu kinamponyoka.

"Kosa ni langu, baba," Fundi alisema njiani. "Wewe ulinifundisha mwenyewe. Mimi nimempa kijitabu, nikarudi chini ya magari. Imani ya nyumba hii inaishia kwangu."

Babu yake Mkia, mwenye gereji, alicheka tu. Yeye hakujua kusoma hata herufi moja. Kanuni ile aliipokea mdomoni mwa mama yake, na alipoanza ufundi akaogopa kuisahau, akaigawa vipande kumi na kimoja na kuifunga kwenye magurudumu. Nati tano, kila moja na kipande chake. Nati za tairi huzifungi kwa kufuata duara, unavuka: ya juu, kisha ya chini upande wa pili, kisha unarudi juu. Mara ya kwanza kwa mkono, vipande vitano; mara ya pili kwa spana, vitano vingine. Kipande cha kumi na moja kilikosa nati, akakipa jeki, kikawa kinasemwa gari likishushwa. Bila Amina, gari halitoki. Fundi alijifunza akiwa amechuchumaa kando ya baba yake, na hadi leo hufunga tairi akinong'ona. Wateja hudhani anahesabu.

Mkia aliitwa wa tatu. Alisimama mbele na gauni lake jeupe, akaanza kwa sauti nzuri, akafika pale pale, akakwama. Mwalimu akakohoa. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na kucha zake.

Ndipo alipouona mkono.

Mkono wa kulia wa Mkia ulikuwa umeanza kuzunguka taratibu ubavuni. Ukapanda, ukavuka, ukashuka upande wa pili. Na kwa kila mzunguko, kipande kikatoka! Cha tatu, cha nne, cha tano. Kisha mkono ukakaza kweli kweli, bega nalo likaingia kazini, maana sasa ilikuwa zamu ya spana. Watoto wakaanza kuchekacheka. Fundi hakuamini macho yake. Nani kamfundisha? Cha nane! Cha tisa! Cha kumi!

Mkono ukasimama. Mkia akabaki mdomo wazi, macho yakihangaika huku na huku.

"Jeki!" Fundi aliwaza. "Masikini mwanangu, hakuna aliyeshusha gari!"

Kusema hakuruhusiwa. Lakini kuchuchumaa hakuna aliyekataza. Alitoka mbio hadi katikati ya njia, akachuchumaa na gauni lake la zambarau, akashika mpini usiokuwepo na kuanza kuuzungusha. Magoti yakalia kando yake. Alikuwa Babu, amechuchumaa naye, anashusha gari lake bila wasiwasi wowote.

Mkia aliwaona. Uso wake ukachanua, na kipande cha mwisho kikatoka chote, na Amina yake ikatikisa madirisha.

"Huyu kasaidiwa!" mwalimu alisema.

"Mimi sikusikia neno," alijibu mchungaji, akifuta machozi ya kicheko. "Mlete hapa nimwekee mikono."

Baada ya ibada, ilibidi watu wawili wamwinue Babu, maana magoti yalikuwa yamegoma. Fundi alimshika bintiye mabega.

"Mimi nilikufundisha lini, Mkia?"

Mkia alimshangaa. "Kwani mama, si kila tairi ulikuwa unanong'ona? Mimi nilidhani ndivyo tairi zinavyofungwa."

Fundi alilia pale pale mlangoni, akijifuta machozi kwa vidole vyake vya grisi.