Sauti ya Chiriku Kwenye Albamu ya Pili

Mama mwenzangu, kama nyumbani kwako kuna watoto wawili wanaoimba pamoja, soma haya kabla hawajatoa albamu ya pili. Ya kwanza haina neno. Ya kwanza kila mtu ni mjomba na kila mtu ni shangazi.

Wangu ni kaka na dada. Kaka mtu tunamwita Kijiti kwa wembamba wake, anapiga gitaa la umeme. Dada mtu ni Chiriku, anaimba, na mchana anapokea wagonjwa kwenye zahanati. Muziki wao ni roki, ila roki ya kuimbika, ambayo hata mimi naweza kushona huku naifuata. Albamu ya kwanza waliirekodia kwenye chumba changu cha cherehani, majora ya vitambaa yakiwa yamesimamishwa ukutani ili sauti isirudi. Watu waliipenda, ikapigwa kwenye redio, ikapigwa kwenye harusi.

Tangu hapo walijiwekea utaratibu wao. Maoni ya wasikilizaji yanauma, walisema, kwa hiyo mtu asisome yanayomhusu mwenyewe. Kijiti atasoma yanayomhusu Chiriku, Chiriku atasoma yanayomhusu Kijiti, halafu kila mmoja amwambie mwenzake yale ya kujenga tu. Mimi nikaona wana akili kuliko baba yao.

Albamu ya pili walirekodia studio ya watu, yenye viyoyozi na prodyuza anayevaa miwani ndani ya nyumba. Ilipotoka, walikaa mezani asubuhi na simu zao, mimi nikiwa nakata gauni la bibi harusi pembeni.

"Haya, nipe yangu," Chiriku akasema.

"Wanasema umekomaa," Kijiti akajibu, macho kwenye simu. "Wanasema unaimba kwa utulivu sasa. Haya, yangu?"

Chiriku alikuwa anasoma huku midomo yake inasinyaa. "Wanasema gitaa lako linaongea."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Nachelewa kazini."

Kuanzia siku hiyo mwanangu aliacha kuimba. Sisemi jukwaani, nasema nyumbani. Alikuwa akioga anaimba, akifua anaimba, akinitafutia sindano iliyoanguka anaimba. Sasa anafua kimya kama anafulia maiti. Nikimuuliza, koo. Nikimpa maji ya moto, hayanyweki. Na Jumamosi walikuwa na onyesho ukumbini, matangazo yamebandikwa mpaka kwenye mlango wa duka la dawa.

Ukuta wa chumba changu cha cherehani unapakana na kibanda cha fundi simu. Yule kijana ana spika kubwa kuliko kibanda chenyewe. Siku moja akaiweka albamu ya wanangu, na wateja wake wakaanza. Nikasimamisha mguu kwenye pedali.

"Ile ya kwanza nililia. Hii nimelala," mmoja akasema.

"Nyimbo kumi, kiitikio kimoja," akasema mwingine. "Na kinanda wamekimwaga kama mtu aliyefungukiwa na kifuniko cha chumvi."

"Dada naye, mbona anaimba kama amejifungia kabatini?" Huyo alikuwa mwanamke. "Arudi nyumbani akamsaidie mama yake kupiga pasi."

Nikatoka na mkasi mkononi. Si kwa ubaya, nilikuwa nao tu.

"Endeleeni," nikasema. "Pasi ipo, inasubiri."

"Shikamoo mama," fundi simu akasema, akipunguza sauti. "Usituchukie. Sisi wasikilizaji hatuna hila."

"Hamna hila, mna midomo. Mwanangu mnamsema kabatini, amewakosea nini?"

"Yeye hajakosea, mama. Sauti anayo, hata ya kuwauzia wengine. Wamemzika. Sogea usikilize." Akanivuta kiti, akarudisha wimbo wa nne mwanzo. "Hapa gitaa liko mbele, kinanda kiko mbele, hata yule anayepiga makofi yuko mbele. Dada yuko nyuma ya nyumba. Hiyo si bahati mbaya, mtu amekaa akamshusha kwa mkono wake. Watu wote wanalisema hilo. Wanao hawasomi?"

Wanangu wanasoma. Nikarudi ndani, gauni la watu sikuligusa tena.

Jioni nikapakua chakula, nikangoja wakae. "Kijiti, wasikilizaji wanasema nini kuhusu sauti ya dada yako?"

"Si nilishasema, amekomaa."

"Wanasema amezikwa. Nimesikia kwa masikio yangu pale kwa fundi simu."

Chiriku akaweka kijiko. "Amezikwa vipi, mama?"

"Wanasema sauti unayo, ila imeshushwa."

Akamgeukia kaka yake, akaongea taratibu kama anavyoongea na wagonjwa. "Mimi upande wangu nasoma sifa zako. Kila anayekusifu ananikanyaga mimi humohumo. Eti gitaa linambeba dada asiye na sauti. Eti mnyonge wa watu, angeacha gitaa lipumue. Nimekaa nikijua sauti yangu imekufa. Na wewe upande wako ulikuwa unasoma kwamba imeshushwa?"

"Nilitaka usiumie."

"Nani aliishusha?"

Kijiti akawa anakwaruza sahani. "Siku ya kuchanganya sauti ulikuwa zahanati. Prodyuza akaniuliza, tulete gitaa mbele? Nikasema lete. Akaniuliza, zaidi? Nikasema zaidi." "Albamu ya kwanza yote walikusema wewe, Chiriku. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma. Sauti yako, sauti yako. Hakuna aliyeuliza anayepiga gitaa ni nani."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia nini? Imba vibaya kidogo?"

Chiriku akachukua simu ya kaka yake mezani, hakuomba, akaingia chumbani.

Jumamosi Kijiti alikwenda ukumbini peke yake. Nilimwambia aahirishe, akasema watu wamempenda kwa gitaa, watamsikiliza. Alifika wimbo wa pili wakaanza kupiga meza, "Dada yuko wapi? Mlete dada." Mmoja akamrushia chupa ya maji, tena yenye maji. Alirudi shati limelowa, akatukuta sebuleni.

Chiriku alikuwa anasoma maoni kwa sauti, yote, mabaya kwa mazuri, hata lile la kabatini na pasi, kumbe yule mwanamke aliliandika pia. Hakuruka hata moja. Kijiti akasimama mlangoni na gitaa mgongoni, akingoja amalize. Hakumaliza. Alipofika mwisho wa yale yanayomhusu yeye, alianza na ya kaka yake.

Sasa anaimba tena, anafua na kuimba, lakini kaka yake akiingia uani ananyamaza mpaka apite. Wanakula kwa zamu. Prodyuza amepiga simu anataka albamu ya tatu, nimemwambia azungumze na wenyewe, na kila mwenyewe amemwambia azungumze na mwenzake.

Kwa hiyo mama mwenzangu, wakija kwako na utaratibu huo wa kusomeana, wakatalie. Matusi ya mtu ayasome mwenyewe, hata kama atalia. Na siku ya kuchanganya sauti, waende wote wawili. Asiyepewa ruhusa kazini na aumwe tumbo.