Uzito wa Fundi Baiskeli

Redio alipoingia jikoni, rafiki yake alikuwa anamenya viazi, na maji ya sufuria yalikuwa yameanza kuchemka. Redio akavuta kiti cha karibu na dirisha.

"Hapo pana mtu," alisema mwenye nyumba bila kuinua macho.

"Samahani, shemeji," Redio akakiambia kiti, akaenda kukaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Wote wawili walikuwa wafumaji katika kiwanda cha mablanketi. Redio aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. Mwenzake walimwita Labda, kwa kuwa ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila swali, hata akiulizwa kama ameshiba.

Aliyekaa kitini alikuwa uzito wa mume wa Labda, fundi baiskeli. Siku alipochukuliwa jeshini walimpandisha kwenye mizani, mshale ukakataa kuondoka kwenye sifuri. Daktari wa jeshi akaipiga mizani teke, akampandisha tena, kisha akaandika kilo alizokisia kwa macho. Hapakuwa na kanuni ya kumrudisha nyumbani mtu asiye na uzito. Akapewa buti, akaelekea kwenye lori, wenzake wawili wamemshika mkanda kwa sababu kulikuwa na upepo. Labda aliporudi kutoka kumsindikiza, alikuta godoro limebonyea upande wa ukutani.

Tangu hapo alilala akiteremkia upande ule. Uzito haukuwa na joto wala harufu ya grisi, na haukukoroma. Ulipomwegemea begani aliusikia. Alipotaka kuushika hakupata pa kushika. Mama mkwe wake, aliyelala chumba cha pili, kila asubuhi aliuuliza umeamkaje, kisha akaendelea kufagia.

"Jumamosi tunapiga kura," alisema Redio. "Tugome. Hakuna blanketi la jeshi mpaka serikali zikae mezani. Vita hivi vina wenyewe, mwenzangu. Wenye migodi wamegombania mlima, wanaozikwa ni mafundi baiskeli. Na ng'ambo ya mpaka kuna kiwanda kama hiki chetu, kuna mwanamke kama wewe. Mumewe amelala handakini anamvizia mumeo, na hawajawahi kukosana hata kwa salamu."

"Labda. Lakini wao ndio walioanza kupiga."

"Na wao wameambiwa ni sisi."

"Labda. Ila usinianzishie habari za tembo wawili na nyasi."

"Sisi si nyasi! Nyasi hazifumi mablanketi. Nyasi haziwezi kugoma."

Mama mkwe akajibu kutoka chumbani. "Redio, punguza sauti. Mwanangu amekwenda kutetea nchi, na hapo alipo anakusikia."

"Acha anisikie, mama. Namsemea yeye."

Labda akaweka kisu chini. "Mimi jenerali simfumii kitu. Kila blanketi ninalomaliza nasema, labda hili litamfikia. Nikigoma, nani atamfunika? Na nikinyoosha mkono kusema vita ni vya bure, si nimesema na yeye amekwenda bure?"

Maji yakafurika yakamwagikia moto.

"Hilo sijui nikujibuje," akasema Redio. Akachukua kisu, akamalizia viazi vilivyobaki.

Jumamosi ile Labda hakwenda, na kura hazikutosha. Redio hakununa. Kesho yake alikuja kama kawaida, akamwamkia mama mkwe, akamsalimu shemeji, akakaa juu ya ndoo.

Mvua zilipoanza, uzito ukaanza kupungua. Labda alitangulia kulijua kitandani: alikuwa anaamka palepale alipolala, hajateremka. Kisha kiti kikaacha kulia. Mama mkwe akakiinua kwa mkono mmoja ili afagie chini yake, akasimama nacho vivyo hivyo.

"Mwanangu amekonda," akasema.

Labda akaenda ofisi ya jeshi. Karani alimpokea kwa heshima, akamhakikishia kwamba askari wote walioko mstari wa mbele wananenepa.

"Wangu anapungua," alisema Labda. "Ninaye nyumbani."

Karani akafikiri kidogo. "Uzito ulioachwa nyumbani, dada, hauko chini ya ofisi hii." Akamwita anayefuata.

Labda alipitia kwa Redio, akamkuta uani anafua.

"Kura nyingine lini?"

Redio akakamua shati. "Umekubaliana nami?"

"Sijui. Niambie ni lini."

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la pamba. Labda alikwenda na mumewe, akamweka mwisho wa benchi, na watu wakaiacha nafasi hiyo. Ilipofika zamu ya kusema, akasimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata harusini.

"Habari za migodi anazijua Redio, mimi sizijui. Nani alianza, sijui. Nilidhani nikifuma sana hatapata baridi. Nimefuma, na anaisha. Kama amekwenda bure, kunyamaza kwangu hakumrudishii kitu."

Akakaa. Mama mmoja wa idara ya rangi akasema, "Wangu aliacha kikohozi. Kilikuwa kinakohoa jikoni kila alfajiri. Wiki hii sijakisikia."

Wakampa pole. Halafu mikono ikapanda, mingi, na wa Labda ulikuwamo.

Mashine zilinyamaza, na mtaa mzima ukagundua kwamba kumbe kuna ndege wanaoimba. Haikuchukua muda. Lori likaleta wafungwa wa kuendesha mitambo, na lori lililowaleta likaondoka na Redio, bado amevaa aproni. Alikuwa anahutubia mpaka lilipokata kona. Labda alipokwenda kumuulizia kituoni, askari akamjibu kwamba pale hawana redio, wana televisheni tu, na wenzake wakacheka.

Wanawake wakaanza kuja jikoni kwa Labda. Hakuwa na ulimi wa Redio. Alisema vita hivi labda vina wenyewe, akakwama, akawaongezea chai. Mara nyingine katikati ya maneno aligeuka kuitazama ndoo, akasahau alichotaka kusema. Walikuja hivyo hivyo.

Mwisho wa mvua uzito haukuweza tena kubonyeza hata mto. Alasiri moja Labda aliutoa kitini, akakaa nao kizingitini, ameupakata. Ulikuwa kama wa mtoto anayejifunza kukaa. Akausimulia mgomo tangu mwanzo, nani alisema nini, nani alilia, na jinsi Redio alivyohutubia juu ya lori. Mama mkwe akatoka, akakaa kando yake, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mikono imekuchoka," akasema. "Hebu nikupokee kidogo."

Labda akamwekea mapajani taratibu. Upande wa pili wa ukuta wa kiwanda mitambo ilikuwa inanguruma, na lori la mablanketi lilikuwa linatoka langoni. Mama mkwe akapanga mikono yake vizuri, akaanza kuubembeleza.