Kope ya Chini

Koroboi ilikuwa imeshazimwa niliposikia kitanda cha kamba kikilia kri, kisha miguu midogo ikikanyaga sakafu ya udongo. Raheli alikuwa anahamia tena kwa shangazi yake. Nikamkumbatia kichanga wangu, nikauma shuka.

Raheli alizaliwa kope zimeanguka juu ya macho, hazipandi. Miaka minne aliitazama dunia kwa kuinua kidevu. Akitaka kuniona vizuri alisema, "Fungua," nami nikamwinulia kope kwa kidole gumba. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Hata baba yake hakuniingilia.

Daktari wa macho alipofika hospitali ya Bumbuli, mimi nilikuwa nimejifungua wiki ileile. Mzazi angetoka vipi ndani? Akaenda naye wifi yangu, Efrazia. Kope zikashonwa, zikashikizwa kwa nyuzi kwenye paji la uso, na bandeji ilipofunguliwa, aliyeonwa wa kwanza ni yeye. Basi hachoki kulisema: kisimani, kanisani, hata kwenye darasa letu la watu wazima, mwalimu akiwa ubaoni.

Sasa mtoto hulala macho nusu wazi, na asipopakwa dawa yatakauka. Aliyempaka ni Efrazia, naye keshokutwa alikuwa anarudi kwake Vuga. Raheli akinikataa, ingekuwaje?

Jioni iliyofuata nikanyoosha mkono. "Lete dawa."

"Mke wangu ana wivu!" Efrazia akacheka, ndivyo anavyonitania, maana mimi ni mke wa kaka yake. "Haya, paka."

Kidole gumba kikaenda chenyewe, kikainua kope ya juu kama siku zote. Raheli akapiga yowe.

"Shangazi! Mama ananiumiza!"

"We! Utakata nyuzi!" Efrazia akanidaka mkono. "Ya chini ndiyo inayovutwa. Ya juu haikuhitaji tena, mke wangu."

Neno hilo lilinichoma. Nilitamani aondoke saa hiyohiyo, na baridi yote ile ya Julai. Lakini jicho la mwanangu lilikuwa jekundu kabisa.

"Nishike mkono basi," nikasema. "Nifundishe."

Akauweka mkono wake, mgumu kwa jembe, juu ya wangu. Tukaivuta kope ya chini taratibu, dawa ikaingia. Raheli hakulia. Alinikodolea macho, mimi, si mwingine. Tukahamia jicho la pili.

"Shangazi, toa mkono wako," akasema.