Asali Yenye Moshi

Pelagia alichovya kidole kwenye asali, akalamba, akatema.

"Nani amerina asali hii?"

Kaka yake Anselmo, aliyeshuka na treni ya Ugalla mchana ule, alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, vumbi la behewa bado limemganda kwenye nyusi. Alijishughulisha na kamba za viatu.

"Mizinga ya baba, msitu wa baba. Unataka nikuletee na nyuki wenyewe waje kukuambia?"

"Sijauliza mizinga ni ya nani. Nimeuliza nani amerina."

"Mama Cecilia, mpe mgeni maji kwanza," Gaspar alimwambia Pelagia, mkewe, akijichekesha. "Kesi mtasikiliza kesho."

Pelagia hakucheka. Aliinamia tena lile lindo alilolileta Anselmo, chombo cha gome la mti ambacho baba yao, mzee Lyamba, alikishona kwa mkono wake. Asali ilinuka moshi wa nyasi mbichi. Ndani yake yalielea majana, vile vitoto vyeupe vya nyuki, vilivyokamuliwa pamoja na masega. Baba yake hakuwahi kurina hivyo. Alifuka moshi wa gome kavu, kidogo tu, na sega lenye majana aliliacha mzingani likae. Na katika ukoo wao mzinga wa mtu haukupandiwa na mwingine maadamu mwenyewe ana nguvu za kupanda. Hata mwaka waliohamishiwa kijiji kipya, mbali na msitu wao, mzee Lyamba aliondoka kabla ya jua na mguu wake umevimba, akaenda kupanda mwenyewe.

Moyo wa Pelagia ulishuka, kisha ukapanda umejaa hasira.

"Baba anaumwa."

"Nani kasema?"

"Wewe. Umekaa hapa muda wote huu hujaniambia kwamba baba ananisalimia."

Anselmo akamtazama Gaspar. Gaspar akatazama chini. Hapo ndipo Pelagia alipoelewa jambo la pili, na hilo lilimchoma kuliko la kwanza. Mumewe alikuwa mpakia mizigo stesheni, na kila neno lililosafiri kwa reli lilipita masikioni mwake.

"Baba Cecilia, ulijua."

"Niliombwa ninyamaze."

"Umekula ugali wangu, ukanipa mgongo ukalala, na unajua."

"Usimlaumu shemeji," Anselmo alisema. "Ni baba mdogo Ambrosi. Mila unaijua. Ugonjwa wa mwenye mizinga hautajwi mpaka asali yote ishuke. Nyuki wakisikia wanahama."

"Kwa hiyo nikilia hapa Mpanda, nyuki wa Ugalla watanisikia?"

"Ndivyo tulivyokuta."

"Baba mdogo anaimezea mate mizinga hiyo tangu sijaota meno. Leo ndiyo ameikumbuka mila." Alikaza khanga kiunoni. "Sema. Baba ana nini?"

Anselmo alisema sasa, kwa sauti ndogo. Mzee alikuwa ameanguka shambani, upande mmoja wa mwili umekufa, na ulimi umefungwa.

"Anatambua watu?"

"Macho yanafuata. Lakini kila siku yanafuata kwa shida kuliko siku iliyotangulia."

Treni ilipogeuza asubuhi, Pelagia alipanda na mwanawe Cecilia mgongoni na lindo mapajani. Gaspar alimfuata hadi dirishani.

"Lindo ungeliacha basi, mama."

"Siliachi mpaka mwenyewe aionje asali hii."

Njia nzima kaka yake aliketi mbele yake. Alichoogopa Pelagia kilikuwa kimoja tu, kwamba atafika macho yale yameacha kufuata.

Baba mdogo Ambrosi alikuwa mlangoni na wanaume wengine wa ukoo. Alimtazama Anselmo kwanza, kwa ukali.

"Nani amemwambia huyu?"

"Asali yenu," Pelagia alisema, akampita.

Mzee Lyamba alilala kitandani, shavu moja limeporomoka. Jicho lake zima lilimpata binti yake mlangoni, likamfuata mpaka alipopiga magoti. Pelagia alishusha pumzi aliyoibeba tangu Mpanda. Alifungua lindo, akachovya kidole, akakipitisha polepole kwenye midomo ya baba yake.

Mzee alifyonza. Kisha akaacha. Upande wa mdomo uliobaki hai ulijikunja, na ulimi, huo uliofungwa, ukaisukuma asali nje kidogo kidogo kama mtoto anayekataa uji. Jana moja jeupe lilibaki kidevuni. Lile jicho likamwacha Pelagia, likaenda mlangoni waliposimama wanaume, likakaa huko.

Ambrosi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuangalia pembeni.

Pelagia alimfuta baba yake kwa pindo la khanga. Kisha akalichukua lindo, akaenda kumwekea baba yake mdogo miguuni.

"Kuleni nyie," alisema. "Na mniletee maji ya moto nimwogeshe."