Niliyemruka Ukumbini

Msinipe pole. Pole zenu nimezichoka.

Chama chetu cha huduma ya kwanza kina vijana ishirini na mmoja, wote wa kujitolea. Mkufunzi ni mimi. Jumamosi ile tulikuwa na zoezi la ajali ukumbini, nikawapaka wenzangu rangi nyekundu na kuwavisha kadi shingoni. Kijani, huyu anaweza kungoja. Nyekundu, mbebe upesi. Nyeusi, amekufa, usipoteze muda. Nyeusi nilimpa mdogo wangu, Njiti, maana ana mdomo huyo, nami nilitaka anyamaze walau saa moja.

"Dada, yaani nife bure? Hata soda?"

"Maiti hanywi soda. Lala!"

Akalala. Hatujaanza hata kidogo, mlango ukavunjwa.

Ni wale wahuni wa mtaa wa nyuma. Wiki iliyotangulia walimkata mtu, sisi tukamfunga bendeji na kumkimbiza hospitali, naye akawataja kwa polisi. Sasa wamekuja kutushukuru. Waliingia kama kumi, na nondo na mapanga. Mtunza stoo wetu alipigwa nondo ya mdomo, meno yakamwagika sakafuni. Msichana mmoja aliinua mkono kujikinga, panga likaondoka na vidole viwili. Waliolala walikanyagwa, wakachomwa visu palepale chini. Mimi nilipigwa kiti cha kichwa, nikazimia.

Nilipozinduka, gari la wagonjwa lilikuwa limeshafika. Tulioweza kusimama tukaanza kuwasaidia wahudumu. Sakafu nzima nyekundu. Rangi ipi, damu ipi? Tukafanya tulichozoea: tukasoma kadi. Jamani, tulisoma kadi! Mhudumu mmoja aliinama kwa Njiti, akaitazama ile nyeusi, akaenda kwa mwingine. Mimi mwenyewe nilimruka mara mbili, mikono imejaa bendeji. Mara ya pili nikamfokea, "Inuka wewe, wameshaondoka! Njoo usaidie!"

Mara ya tatu nilirudi na hasira zangu, nikamvuta mkono. Akafumbua macho, akanitazama. Nikainua fulana. Tumbo lilikuwa wazi. Nikakandamiza kwa viganja vyote viwili, nikapiga mayowe ya kuita machela hadi sauti ikakauka. Damu ilipenya katikati ya vidole vyangu, ya moto kabisa. Alikata roho kabla hatujamfikisha mlangoni.

Mama alikuja hospitali amevaa ndara zisizofanana. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu.

"Mlipomkuta, alikuwa ameshakufa?"

Mwenyekiti wa chama, aliyesimama kando yangu, alinikanyaga mguu niseme ndiyo. Nikamsukuma kwa kiwiko.

"Hapana, mama. Nilipomruka mara ya kwanza alikuwa hai. Na mara ya pili."