Bwana Harusi Amerudishwa Ndani

Mama mkwe alinipigia simu kunipa habari njema. Nilikuwa kwa daktari wa mifugo, nimepakata kitoto dhaifu kilichoviringishwa kwenye soksi ya pamba.

"Tulia tu huko, usiwe na haraka," alisema. "Huyu mzazi wako wa leo nimemrudishia mumewe. Sasa hivi wamelala pamoja, raha mustarehe."

Niliruka kutoka kitini. "Mama, mtoe. Mtoe sasa hivi."

"Nimtoe vipi, na ndiyo kwanza ametulia?"

Akaniaga kwa upole, akakata simu. Niseme mapema kwamba mimi si mwoga. Nashona mapazia, vidole vyangu vimejaa makovu ya sindano, na niliwahi kumfukuza mwizi kwa mkasi wa kukatia kitambaa. Lakini pale kwa daktari nilijikuta nimeketi tena bila kutaka.

Ninafuga chinchila. Kwa asiyewajua, ni wanyama wadogo wa milima ya baridi, wakubwa kiasi cha sungura mchanga, masikio kama ya panya, manyoya laini ajabu. Mama mkwe huwaita "panya wenu", na hapo anamjumuisha mwanawe, maana mume wangu ni fundi wa friji na viyoyozi, naye ndiye anayehakikisha chumba chao hakipati joto. Joto huwaua. Mambo mengi huwaua, ndiyo sababu nina masharti ambayo watu huyacheka. Simzalishi jike ambaye mwili wake haujakomaa. Siwaoanishi weupe kwa weupe, kwa kuwa baadhi ya vitoto vyao hufia tumboni. Mwenye ukoo wa meno mabovu hazai kwangu, hata awe mzuri vipi. Na mtu akija kutaka mmoja, akauliza bei kabla hajauliza anakula nini, namtakia safari njema.

Sharti kubwa kuliko yote ni kwamba dume hutolewa kabla jike hajazaa. Chinchila akijifungua, siku hiyohiyo anaweza kushika mimba nyingine, hata kama bado anatoka damu. Kwa hiyo Bwana Harusi, dume wangu, nilimhamishia kwenye tundu lake upande wa pili wa chumba, naye akawa analia mchana na usiku kama mlango uliokosa mafuta.

Asubuhi ya siku ile Bibie, jike wangu, alizaa kitoto cha kwanza vizuri. Cha pili kikakwama, kichwa kimegeukia upande. Nilimkimbiza kwa daktari roho mkononi. Daktari alikivuta taratibu kwa vidole vyake vyembamba, mimi nimemshika Bibie, namsikia akisaga meno. Kitoto kilitoka hai. Daktari alinawa mikono kwa muda mrefu bila kunitazama.

"Amechanika ndani," alisema. "Atapona, ila asizae tena. Mimba nyingine ikikua kwenye mwili huu, sitakuwa na la kufanya."

Nilimrudisha Bibie nyumbani pamoja na kitoto chake kizima, nikamwachia mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea, amwangalie, kisha nikarudi kumchukua yule dhaifu ambaye daktari alikuwa akimpasha joto. Mama nilimweleza habari za maji, za giza, za utulivu. Ya dume sikumweleza. Sikudhani kuna mtu angehitaji kuambiwa.

Sikumbuki vizuri nilivyofika nyumbani. Nakumbuka soksi kifuani, na mapigo madogo ya moyo wa kile kitoto yakishindana na yangu. Niliingia chumbani na viatu. Bwana Harusi alikuwa amejilaza ubavuni mwa Bibie, kitoto katikati yao, picha ya familia njema. Nilimnyanyua kwa shina la mkia, nikamtia tunduni kwake, nikafunga. Ndipo nilipoyaona manyoya yaliyong'oka sakafuni mwa tundu la Bibie. Chinchila hung'oka manyoya wakigombana, na hung'oka pia wakipandana. Niliyaokota moja moja kana kwamba yangeniambia ni lipi lililotokea.

"Nimekosa nini?" mama mkwe aliuliza kutoka mlangoni.

Nilimweleza yote, maneno ya daktari na yangu, kwa sauti ambayo mkwe hapaswi kuisikia. Nikamalizia kwa kumwambia, "Umemuua."

Alikuwa bado ameshika kikombe cha chai aliyonitengenezea.

"Mimi hawa wangu watatu niliwazaa peke yangu," alisema. "Baba yao alikuwa akifukuzwa na mama yake, eti chumba cha uzazi si pa mwanamume. Nilikuwa namsikia tu akikohoa nje ya dirisha. Sasa huyu wako alivyokuwa akilia kule, nikakumbuka kile kikohozi."

Niliendelea kuokota manyoya. Nilikuwa na hofu tu, na hofu haina adabu.

Basi tukaanza kungoja, na hakuna kungoja kubaya kama kule. Jike mwenye mimba chuchu zake hubadilika rangi, lakini Bibie alikuwa ananyonyesha, chuchu zake zilikuwa nyekundu tayari. Kumbinyabinya tumbo daktari alinikataza, na picha ya mashine alisema tusimsumbue nayo mpaka uzito upande. Kilichobaki ni mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga. Kila Jumapili nilimweka Bibie kwenye bakuli, nikaziba pumzi, nikasubiri namba itulie. Mashine ya kushonea nilikuwa naikalia bila kushona. Nikiona mteja mjamzito anakuja kuchagua pazia, nilikuwa namkwepa macho.

Mama mkwe alipaswa kuondoka wiki ileile. Badala yake alilifungua sanduku lake, akatundika nguo zake upya. Hatukuwa tunazungumza sana. Mume wangu alijaribu kutuchekesha: "Nyumba hii ina wakunga wawili na mgonjwa mmoja mwenye mkia." Hakuna aliyecheka, akaenda kusafisha kiyoyozi ambacho alikuwa amekisafisha jana yake.

Vitoto vilikua, yule wa soksi akawa mbishi kuliko mwenzake. Uzito wa Bibie ulikaa palepale kwa majuma kadhaa, nami nikaanza kulala. Kisha Jumapili moja ukapanda. Nilimtoa, nikamrudisha, nikabadilisha betri za mizani. Ukabaki juu. Jumapili iliyofuata ukapanda tena. Nilipogeuka mama mkwe alikuwa mlangoni. Aliutazama uso wangu, akaondoka akishikilia ukuta.

Tulikwenda kwa daktari pamoja, yeye mwenyewe akiwa amelipakata boksi la Bibie na kukataa kumpa mtu. Daktari alimpaka Bibie mafuta tumboni, akawasha mashine ya picha. Alitazama upande huu, akatazama upande ule, akarudia. Nilitaka kumwambia aseme tu, lolote liwe. Mkono wa mama mkwe ulikuwa umenishika kiwiko na sikumbuki ulifika saa ngapi.

"Humu hakuna kitoto," alisema daktari.

Niliegemea meza.

"Kuna mafuta. Nani anampa huyu vitu vitamu?"

Nilikuwa karibu kula kiapo kwamba hakuna. Mama mkwe akanitangulia. Alifungua mkoba wake, akatoa kifuko cha zabibu kavu kilichobaki nusu, akakiweka mezani kama mtu anayesalimisha silaha.

"Ulisema akizaa atakufa," aliniambia bila kuninyanyulia macho. "Nikasema, kama mimi ndiye niliyemuua, basi siku hiyo imkute ana nguvu kidogo."

Kumbe miezi yote hii tulikuwa wawili wa kuogopa, na mimi nilijiona peke yangu. Daktari alimweleza kwa ukali kwamba sukari huwaharibu hawa matumbo, na mama mkwe akaitikia kila neno kama mwanafunzi. Mimi nilikichukua kile kifuko, kisha nikaushika mkono wake.

Njiani kurudi aliniuliza, "Na yule bwana?"

"Daktari atamhasi. Baada ya hapo asubiri majuma kadhaa, ndipo wakae pamoja salama."

"Atasubiri kwenye tundu lake kule mbali?"

"Ndiyo, mama. Peke yake."

Alilikumbatia boksi la Bibie mpaka tukaona nyumba. "Basi mwanangu, lisogeze," alisema. "Bibie awe anamsikia."

Jioni ile nililiburuta tundu la Bwana Harusi hadi karibu na la Bibie. Nikaacha nafasi ya mkono katikati, nikatia kufuli mbili, na funguo nikampa mama mkwe.